Kijidudu cha Maniema na Jina la Dutton

Mtu atokaye Kindu akaupanda mto Lualaba kuelekea kusini huingia katika nchi ambayo miji yake, Nyangwe na Kasongo, ilikuwa ikitajwa katika baraza za Unguja na Tabora kabla ya ramani yoyote ya Kizungu kuiandika. Kwani hii ndiyo njia ya watu wa misafara ya pembe na ya watumwa, walioacha nyuma yao, pamoja na madhila ambayo historia haijayasahau, lugha ya Kiswahili, kilimo cha mpunga na dini ya Kiislamu. Mambo hayo yameandikwa mara nyingi. Lililoandikwa kwa uchache ni kwamba katika njia hiyo hiyo, mwishoni mwa mwaka 1904 na mwanzoni mwa 1905, kijidudu kimoja cha maradhi kilifuatiliwa na matabibu wawili kwa subira kubwa, na kwamba mmoja wao alikufa Kasongo, na jina lake likabaki katika jina la kijidudu hicho hadi leo. Historia ya jina hilo yatosha kumwonyesha msomaji jinsi wanazuoni wa vijidudu wanavyovipanga katika jamii zao na kuvitambua katika maabara, na kwa nini mpangilio wao, ijapokuwa umejengwa juu ya ushahidi, haukosi kubadilika kila ushahidi mpya unapotokea.

Maradhi yenyewe ni homa ya papasi. Papasi ni jamii ya kupe asiye na gamba gumu mgongoni, akaaye katika vumbi la sakafu za udongo na nyufa za kuta, ambaye mchana hujificha na usiku hutoka kumwuma aliyelala, akanywa damu yake kwa muda mfupi, kisha akarudi mafichoni kabla ya alfajiri. Naye aweza kuishi miaka kadhaa bila ya kula. Baada ya siku chache aliyeumwa hushikwa na homa kali, maumivu ya kichwa na ya viungo, na kutapika. Homa hudumu siku tatu au nne, kisha huondoka ghafla hata mgonjwa akadhani amepona, walakini baada ya wiki moja hivi humrudia, na hivyo ikaenda ikirudi mara kadhaa. Wajawazito huharibu mimba kwa homa hii, na watoto wachanga hufa kwayo.

Wenyeji wa bara na watu wa misafara waliijua homa hii na walimjua mdudu ailetaye. Maana hapakuwa na haja ya hadubini ili kuona kwamba mgeni aliyelala katika nyumba kuukuu ya kambi huugua, na yule aliyelala mbali nayo husalimika. Livingstone, katika kitabu cha safari zake kilichotoka mwaka 1857, alieleza madhara ya kuumwa na mdudu wa namna hii. Lakini ujuzi wa kuwa mdudu fulani huleta maradhi fulani ni mlango tu. Ndani yake limo swali la pili, gumu zaidi, nalo ni hili: ni kitu gani hasa kitokacho kwa mdudu kikaingia katika damu, nacho ni ndugu wa nani miongoni mwa viumbe?

Sehemu ya jawabu ilikwisha kuonekana Ulaya, katika homa iliyofanana na hii. Mwaka 1868, mjini Berlin, tabibu kijana aitwaye Otto Obermeier aliona katika damu ya wagonjwa wa homa ya kurudia nyuzi nyembamba zilizojisokota, zikienda huku na huku kwa kasi baina ya chembe za damu. Alikaa na jambo hilo hadi mwaka 1873 ndipo akalitangaza, na mwaka huo huo akafa kwa kipindupindu. Nyuzi hizo zikaitwa spiroketi, yaani viumbe vya umbo la msokoto, na mwaka 1874 Hermann Lebert akakipa kijidudu cha homa hiyo jina lenye neno recurrentis, kwa sababu ya kurudia kwake. Homa ile ya Ulaya, kama ilivyothibitishwa baadaye kwa uchunguzi wa Mackie huko India mwaka 1907 na wa Nicolle huko Tunis, haikuletwa na papasi bali na chawa wa nguo. Kwa hiyo zilikuwapo homa mbili zilizofanana kama ndugu, moja ya chawa na moja ya papasi, na hakuna aliyejua kama vijidudu vyake ni kimoja au viwili.

Hapa yafaa kueleza kidogo taratibu ambayo maabara huifuata kwa vijidudu vilivyo vingi, ili idhihirike kwa nini hiki kilikuwa kigumu. Mchunguzi huanza na umbo, akatazama kama ni duara, fimbo au msokoto. Kisha hutia rangi iliyobuniwa na Hans Christian Gram mwaka 1884, ambayo huvigawanya vijidudu katika makundi mawili makubwa, yale yanayoishika rangi ya zambarau na yale yanayoiacha ikaoshwa. Kisha hukiotesha kijidudu katika chakula chake juu ya sahani, akaangalia rangi na sura ya makundi yaliyoota, akakipima kwa sukari mbalimbali ili aone ipi kinaichachusha, na kwa dawa zinazodhihirisha vimeng'enya vyake. Na mwisho hukikutanisha na seramu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga, ili aone kama kitashikamana. Kipindupindu, ambacho watu wa Lualaba wanakijua vema, hutambuliwa hivyo: kinyesi cha mgonjwa hutiwa kwanza katika maji ya peptoni yenye magadi, ambamo kijidudu hiki hustawi kuliko vingine, kisha hupandwa katika sahani maalumu, nacho huota makundi ya manjano kwa sababu kinaichachusha sukari iliyomo, ndipo hupimwa kwa oksidesi na kwa seramu ya kundi O1. Kila kipimo ni swali, na jina ni jumla ya majawabu.

Kijidudu cha homa ya papasi kiliyakataa karibu maswali yote hayo. Hakikukubali kuota katika sahani. Rangi ya Gram haikifai. Na chachu za sukari hazikuwa na maana kwa kiumbe ambacho hakuna aliyeweza kukiweka hai nje ya damu ya mnyama au tumbo la papasi. Vilibaki vitu vinne tu vya kukijulia: umbo lake, mwendo wake, mdudu anayekibeba, na namna damu ya mnyama aliyepona inavyokipokea kinapomrudia.

Mwezi wa Septemba 1903 ulifika Boma ujumbe wa Chuo cha Maradhi ya Nchi za Joto cha Liverpool, uliotumwa kuchunguza malale katika ile iliyoitwa Dola Huru ya Kongo, na ndani yake walikuwamo Joseph Everett Dutton, Mwingereza ambaye miaka miwili kabla alikuwa amekitambua katika damu ya mgonjwa wa Gambia kijidudu cha malale, na John Lancelot Todd, Mkanada. Baada ya zaidi ya mwaka mmoja wa safari walifika Stanley Falls, mahali pa Kisangani ya leo, na huko, mwishoni mwa 1904, waliona spiroketi katika damu ya watu waliosemekana kuugua homa ya papasi. Hawakuwa peke yao katika kuona huko, kwani mwezi wa Novemba mwaka huo huo Philip Ross na Arthur Milne walitangaza kutoka Uganda kwamba wameziona spiroketi katika damu ya wagonjwa wa homa hiyo hiyo. Walakini Dutton na Todd walikwenda hatua moja mbele. Waliwakusanya papasi, wakawaachia nyani wawaume, na nyani wakaugua. Kisha wakawachukua papasi wachanga walioanguliwa katika mayai ya papasi wenye maradhi, ambao hawajawahi kumwuma mgonjwa yeyote, nao pia wakawaambukiza nyani. Kwa hilo ilidhihirika kwamba papasi si mchukuzi wa damu chafu tu mdomoni mwake, bali kijidudu hukaa na kuongezeka ndani yake, hata akawarithisha wanawe.

Kutoka Stanley Falls waliupanda Lualaba kuingia Maniema, katika siku ambazo reli ya Kindu kwenda Kongolo ilikuwa bado haijajengwa. Wote wawili walikwisha kuambukizwa homa waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona, Dutton alikufa Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Taarifa yao ilipigwa chapa Liverpool mwaka huo, na ndani yake wameandika hukumu moja ambayo msomaji na aishike, kwa maana historia yote iliyofuata inaizunguka: walisema kwamba homa ya papasi na homa ya kurudia ya Ulaya zinafanana kwa dalili, na kwamba kijidudu walichokiona labda ndicho kile kile cha Obermeier.

Katika mwaka huo huo Robert Koch alikuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akipita katika njia za misafara za bara, akiwapasua papasi aliowakusanya katika vibanda vya wasafiri. Aliziona spiroketi katika mayai yenyewe, na kwa hivyo akathibitisha kwa macho yale ambayo wenziwe wa Kongo waliyathibitisha kwa nyani. Aliona tena jambo ambalo lina faida kubwa kwa anayeishi katika nchi hizi: kwamba papasi wamejaa hata katika vijiji vilivyo mbali na njia, na kwamba wenyeji wake watu wazima hawaugui sana, kwa sababu wamepata kinga tangu utotoni, mgeni ndiye anayeanguka. Kwa wasafiri nasaha yake ilikuwa nyepesi, nayo ni kupiga hema mbali kidogo na vibanda vya zamani.

Ndipo ukaja wakati wa kutoa jina. Liverpool, Anton Breinl alitumia kipimo cha kinga: mnyama aliyepona homa ya spiroketi moja alitiwa spiroketi ya pili, na alipoonekana kuugua upya ikahukumiwa kwamba hizo ni mbili mbalimbali. Ann Arbor, katika Marekani, Frederick Novy na mwanafunzi wake Knapp walifikia hukumu kama hiyo mwaka 1906, na wao ndio waliokiita kijidudu cha Kongo kwa jina la Dutton. Hivyo marehemu akapewa heshima kwa njia ya kukanushwa, kwani kijidudu kilichopewa jina lake ndicho kile ambacho yeye mwenyewe alidhani kina jina tayari.

Wakati huo palikuwa na mzozo mkubwa zaidi, wa kujua kama spiroketi ni bakteria au ni vinyama. Fritz Schaudinn wa Ujerumani, aliyekigundua kijidudu cha kaswende mwaka 1905, alidai kwamba spiroketi zina udugu na vinyama vya damu kama vile vya malale na malaria. Novy akashika upande wa bakteria. Hoja zilihusu namna zinavyogawanyika, kama ni kwa urefu au kwa upana, na kama zina kiini au hazina. Na kwa hadubini za siku zile kila upande uliweza kuona ulichotaka kukiona. Mwaka 1907 Mholanzi Swellengrebel alizitengea spiroketi za namna hii jenasi ya peke yake, akaiita Borrelia kwa heshima ya Amédée Borrel wa Ufaransa. Na kitabu cha David Bergey cha kutambulia bakteria, kilichotoka kwanza Marekani mwaka 1923 na kuwa mwongozo wa maabara duniani, kikalieneza jina hilo. Leo hakuna anayeshuku kwamba ni bakteria, kwani nasaba zinazosomwa katika chembechembe za urithi, kwa njia aliyoifungua Carl Woese mwaka 1977, zimeziweka spiroketi zote katika tawi lao wenyewe ndani ya milki ya bakteria.

Lakini kipimo cha kinga, kilichoutenganisha ukoo wa Dutton na ukoo wa Obermeier, kilikuja kuonekana kuwa na ila kubwa. Homa hii hurudi kwa sababu kijidudu hubadilisha sura ya nje, mfano wa mwizi abadilishaye kanzu kila anapokaribia kutambuliwa: mwili unapokwisha kutengeneza kinga ya kuyaua makundi yaliyoko, wachache waliovaa vazi jingine hubaki, wakazaana, na homa ikapanda tena. Basi ikiwa spiroketi za mgonjwa mmoja, katika homa ya kwanza na ya pili, hazitambuliwi na kinga ile ile, vipi mtu atategemea kinga kuamua kwamba spiroketi za nchi mbili ni jamii mbili? Wataalamu wakakimbilia ushahidi mwingine, wa mdudu mchukuzi. Gordon Davis, huko Marekani, alieleza mwaka 1942 kwamba kila aina ya papasi hubeba spiroketi yake na huzikataa za wengine. Na tangu hapo jamii za Borrelia zikahesabiwa kwa wachukuzi wake. Ubishi ukahamia kwa mchukuzi, kwani G. A. Walton, aliyefanya kazi Kenya, aliandika mwaka 1962 kwamba papasi waitwao kwa jina moja la Ornithodoros moubata ni mchanganyiko wa aina kadhaa, kila moja na makazi yake na chakula chake.

Miaka mingi ilipita hata kijidudu cha Dutton kikakubali kuota katika chupa. Chakula kilichotungwa Marekani na Richard Kelly mwaka 1971, kikaboreshwa baadaye, kilifungua mlango. Na mwaka 1999 Sally Cutler na wenzake walitangaza kwamba wamekiotesha kutoka katika damu ya wagonjwa wa Tanzania, wa sehemu za Mvumi karibu na Dodoma, ambako homa ya papasi bado huwasumbua sana watoto na wajawazito. Walipokilinganisha na kile cha chawa waliona kwamba tofauti ni ndogo kupita kiasi. Mwaka 2008 ikasomwa orodha kamili ya urithi wa vyote viwili. Vyote vina kromosomu ya mstari ulionyooka, jambo la nadra katika bakteria, yenye herufi karibu 930,000; na kile cha chawa kikaonekana kuwa ni kile cha papasi kilichopungukiwa: karibu kila kilicho ndani yake kimo kwa mwenziwe, ila baadhi ya jeni zimeharibika au zimepotea, yamkini kwa sababu maisha ya baina ya chawa na binadamu hayakuzihitaji.

Hapa inarudi hukumu ya mwaka 1905. Dutton na Todd walisema labda ni kimoja. Waliokuja baada yao, kwa kipimo kilichoonekana bora, wakasema ni viwili. Na miaka zaidi ya mia baadaye, urithi umesema kwamba wa kwanza walikuwa karibu na haki kuliko walivyodhaniwa. Na lau wataalamu wangeafikiana kuvihesabu kuwa jamii moja, kanuni za majina zingetaka jina lililotangulia ndilo lishike, na la mwaka 1874 limelitangulia la 1906. Kwa hiyo jina la Dutton lingeondoka katika vitabu kwa sababu ya kuthibitika kwa maneno yake. Kwa sasa majina yote mawili yamebaki, kwa kuwa tabibu anahitaji kujua kama ashughulikie nguo za mgonjwa au sakafu ya nyumba yake, na jina limbainishialo hivyo lina faida hata kama nasaba haitofautiani sana. Mpangilio wa viumbe hutumikia haja mbili, ya kueleza udugu wa kweli na ya kumwongoza mwenye kutibu, na mara nyingi haja hizo hazitaki jina moja.

Elimu iliyoanzia katika papasi wa Afrika haikukoma hapa. Willy Burgdorfer, aliyepata shahada yake Basel kwa utafiti wa spiroketi ya Dutton ndani ya papasi, alihamia Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa akitazama matumbo ya kupe waliohusishwa na maradhi ya Lyme, aliziona nyuzi zilizosokotwa akazijua mara moja, kwa kuwa macho yake yalikwisha kuzoea jamaa zake. Kijidudu hicho kiliitwa kwa jina lake mwaka 1984.

Mazoea hayo ya macho ndiyo yanayopungua sasa katika nchi ya asili ya habari hii. Kwa muda mrefu homa ya papasi ilitambuliwa na watu wa maabara waliokuwa wakitafuta malaria: walichukua tone nene la damu, wakalitia rangi ya Giemsa, na pamoja na vijidudu vya malaria wakakutana na ule uzi uliosokotwa baina ya chembe. Leo kipimo cha haraka cha malaria, ambacho kimeokoa roho nyingi na hakistahili kulaumiwa, hujibu swali moja tu, naye aliyepimwa akaonekana hana malaria huondoka bila ya mtu yeyote kuitazama damu yake. Homa yake haipati jina, haiingii katika hesabu, na dawa ambazo zingemponya kwa urahisi, za jamii ya penisilini au tetrasaiklini, hazitolewi kwa wakati. Kufika Kinshasa, kwenye Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba na Biolojia iliyoanzishwa mwaka 1984, sampuli ya Kindu ina safari ndefu, na spiroketi huonekana kwa urahisi wakati homa imepanda tu. Ikisubiriwa, hutoweka katika damu.

Kwa hiyo mgonjwa wa Kindu au wa Kasongo ambaye homa yake inakwenda ikirudi, na kipimo cha malaria kimesema hana, anastahili mambo mawili yasiyohitaji mashine ya thamani: tone la damu yake litazamwe kwa hadubini homa ingali juu, na aulizwe analala katika nyumba ya namna gani. La kwanza limetoka maabara, la pili wenyeji walilijua kabla ya maabara. Na Dutton na Todd walifika mbali kuliko wenzao wa mwaka ule kwa sababu hawakuliacha lolote kati ya hayo mawili.